Manowari na Milima ya Gusii



Sisi watu wa mwambao tumezoea kuihesabu manowari kuwa jambo la bahari. Wazee wetu walisimuliana habari za tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya manowari za Kiingereza ilipoibomoa kasri ya Sultani wa Unguja kwa muda usiotimia saa moja. Tulipofunga safari ya kwenda Kisii na Nyamira, hatukutazamia kukutana na habari za namna hiyo katika nchi ya chai na migomba. Tulikutana nazo, na tumeona ni wajibu wetu kuwafikishia.

Kutoka Nairobi barabara huteremka Bonde la Ufa, hupita Narok na Bomet, kisha huanza kupanda. Ukifika Keroka, upande mmoja ni Kaunti ya Kisii na wa pili ni Nyamira. Hapo vilima hufuatana bila kikomo, wala huoni kipande cha ardhi kisicholimwa. Chai imefunika miteremko, migomba imezunguka nyumba, na alasiri mvua hunyesha kwa wingi. Sokoni kina mama huuza chinsaga, mboga chungu inayopendwa sana na wenyeji, na kutoka Tabaka huletwa vyombo vilivyochongwa kwa mawe laini. Tulipokelewa kwa ukarimu, Alhamdulillah, na msikitini tukajiona tuko kwetu.

Huko Manga, katika Kaunti ya Nyamira, ukisimama juu ya genge siku ya anga safi, utaliona Ziwa Viktoria likimeta kwa mbali. Ni katika ziwa hilo manowari zilikopita.

Meli za kwanza za moshi za Waingereza katika ziwa hilo zilipitia kwetu. William Mackinnon iliundwa ng'ambo, ikafunguliwa vipande vipande, ikateremshwa Mombasa na kuchukuliwa bara hadi Kisumu, ikaingia majini mwaka 1900. Zikafuata nyingine, zikiwamo Winifred, Sybil na Clement Hill. Zilibeba abiria, pamba na ngozi. Vita Vikuu vilipoanza Agosti 1914, zilifungwa mizinga na kubeba askari. Wajerumani nao, kutoka Mwanza, waliitia silaha meli yao ndogo iliyoitwa Muansa. Tulikumbuka kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Khidhri, na yule mfalme aliyekuwa akizipora jahazi, hata za masikini waliotafuta riziki zao majini.

Septemba mwaka huo Wajerumani walivuka mpaka, wakaishika Karungu iliyo ufukweni, na tarehe 11 wakaingia mji wa Kisii. Waingereza waliwapakia askari wa King's African Rifles melini kutoka Kisumu, wakawashusha ng'ambo ya ghuba, nao wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba walipigana siku nzima katika vilima vinavyouzunguka mji. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza, aliuawa. Jioni risasi ziliwapungukia wakarudi nyuma, na Wajerumani, walioumia vibaya, nao wakauacha mji. Huko Karungu, Winifred ilikutana na Muansa ikarudi nyuma, kisha ikaja tena pamoja na Kavirondo, na bandari ikakombolewa.

Katika jeshi la Waingereza walikuwamo Wanubi, Waislamu wenzetu. Katika jeshi la Wajerumani pia Waislamu walikuwa wengi. Ndugu wa imani moja walilengana bunduki kwa amri ya wafalme wawili wa mbali, ambao hapana hata mmoja wao aliyepata kuikanyaga milima ile.

Wagusii hawakuwa na meli wala mzinga. Dola ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuwapiga mwaka 1905 na tena mwaka 1908. Mara ya pili mauaji yalizidi, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akayahoji. Vita hivi vya 1914 vilipokuja, Churchill huyo huyo ndiye aliyekuwa waziri wa jeshi la maji la Uingereza. Watu walipouona mji hauna mwenyewe, walidhani utawala ule umekwisha, wakaingia katika ofisi na maduka wakachukua mali. Serikali iliporudi iliwaadhibu kwa kuchoma nyumba na kutwaa ng'ombe. Baadaye vijana wao walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Katika Afrika Mashariki wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na makaburi yao hayajulikani.

Siku nane baada ya vita vya Kisii, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja na kuizamisha. Kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu na kuikokota nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo, pamoja na mmoja wa Pegasus, umewekwa Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, na watoto wetu huupanda kupigwa picha.

Tunawaomba wazazi, mtakapowapeleka watoto kuitazama mizinga hiyo, msiwaeleze nguvu zake peke yake. Waambieni kwamba vita vile vile viliifikia milima ya Gusii, kwamba meli zilizopita Mombasa vipande vipande zilipeleka askari huko, na kwamba kuna mzee aliyepoteza ng'ombe wake na mama ambaye mwanawe hakurudi. Nendeni nao Kisii na Nyamira wakati wa likizo, wawaone watu wa huko na wale chakula chao.

Mwenyezi Mungu atujaalie amani baharini na bara, na atuepushe na kila vita vya dhuluma. Amin.