Bunia: tovuti ilifunguka ofisini, ikakataa kambini

Jumatatu asubuhi mama mmoja muhami alitembea kwa mguu toka kambini mpaka kwenye redio moja ya jamii mjini Bunia, simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na alama nyekundu na maneno ya Kifaransa ya kusema muunganisho si wa siri. Alitaka ukurasa wa matangazo ya watu waliopotezana wakati wa kukimbia vita, kwani anamtafuta kaka yake. "Mwanangu, redio yenu imenifungia mlango," alimwambia kijana fundi wa mitambo.

Fundi alifungua tovuti kwenye kompyuta ya ofisi. Ikafunguka vizuri, na kufuli juu. Akasema basi ni simu. Wengi wa kazi hii hukosea hapo: kinachofunguka mbele ya fundi kinahesabiwa kuwa kizima.

Kusema kweli, simu nayo ilikuwa na neno lake. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine zikiwashwa tena huonyesha tarehe ya miaka ya nyuma. Cheti cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu inayofikiri bado ni 2015 inaona cheti hicho hakijazaliwa. Fundi alirekebisha tarehe. Alama nyekundu ikabaki. Mchana wakaja wengine wawili na shida ile ile, na tarehe za simu zao zilikuwa sawa.

Mkubwa wa redio alichoka. Akataka kufuli litolewe kabisa, ao wasikilizaji waambiwe hewani wabonyeze tu "endelea". Fundi alikataa, na hapo alikuwa na haki. Ukurasa ule una fomu: mtu anaandika jina, namba ya simu na mahali anapolala sasa. Bila usimbaji, anayevizia njia ya Wi-Fi anaweza kuyasoma yote. Kwa familia iliyokimbia watu wenye silaha, hiyo si habari ya kuacha barabarani. Na mtu aliyefundishwa leo kuruka onyo jekundu, kesho ataliruka kwenye tovuti ya mwizi.

Usiku, umeme uliporudi, fundi aliacha kivinjari akaiuliza seva yenyewe kwa amri ya openssl. Seva ikatoa cheti kimoja. Ilipaswa kutoa angalau viwili. Simu haiijui tovuti ya redio. Inawajua wakubwa wachache wa vyeti ambao majina yao yamewekwa ndani yake toka kiwandani. Kati ya mkubwa na tovuti kuna cheti cha katikati, kama barua ya shefu wa kartie: komini haimjui mgeni, lakini inamjua shefu. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imekwisha kuipata barua hiyo kwenye tovuti nyingine, ndiyo maana haikulalamika. Simu za kambini hazikuwa nayo.

Kosa lilikuwa mstari mmoja katika mipangilio ya nginx. Ulielekeza kwenye faili cert.pem, yenye cheti cha tovuti peke yake, badala ya fullchain.pem, yenye mnyororo wote. Aliyeuandika ni fundi mwenyewe, siku tano mbele ya hapo, alipohamisha tovuti kwenye seva mpya. Akabadilisha neno moja, akapima kwa nginx -t, akapakia upya.

Kesho yake simu za wale wawili zikafunguka. Ya mama ikakataa.

Ni Android 6. Cheti cha redio kinatoka Let's Encrypt, na mzizi wao, ISRG Root X1, haumo katika Android za kabla ya 7.1.1. Mzizi wa zamani uliozibeba simu hizo uliisha tarehe 30 Septemba 2021, na daraja lililowekwa baadaye likaisha 2024. Njia fupi ilikuwa Firefox, kwa sababu inabeba orodha yake yenyewe ya mizizi. Fundi aliituma kwa Bluetooth, ili mama asimalize mega zake.

Ukurasa ukafunguka. Mama akapitia majina polepole kwa kidole, mara mbili. La kaka yake halikuwamo. Akaomba asaidiwe kujaza fomu. Alipofika pa kuandika anapolala alisita, akamtazama fundi, kisha akaandika.