Dundu wa Uluguru amenipa somo la ushonaji!

Msomaji, usicheke. Wiki mbili zilizopita nilipanda mlima kwenda kumtazama mdudu, tena kwa nauli yangu mwenyewe. Sababu ninayo, na ilishaniuma mfukoni.

Nilikuwa nimepata tenda ya kushona sare za kamati ya sendoff, pale Sinza. Kina mama walitaka kitambaa cha kumeremeta, "kama cha mwaka 3000 hivi". Nikawatafutia cha kijani, mng'aro wake we acha tu. Siku ya sherehe, kufika saa nne usiku, mng'aro wote umehamia kwenye viti na kwenye makoti ya waume zao! Nilirudisha nusu ya hela, na kodi ya kibanda changu ikaanza kuninyima usingizi.

Ndipo mtoto wa kaka yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akanipigia simu: "Shangazi, njoo Moro. Huku kuna mdudu kijani chake hakichuji hata akifa."

Safari ya Moro siku hizi mteremko. Tangu treni ya umeme ianze Juni 2024, zile kilomita kama 200 hazimalizi hata saa mbili. Unasinzia kidogo, ukifumbua macho milima ya Uluguru hiyo imekaa juu ya mji kama kilemba. Ndiyo Mji Kasoro Bahari, nyumbani kwa marehemu Mbaraka Mwinshehe.

Asubuhi tukapita Boma, tukaanza kupanda kuelekea Morningside, kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Mimi na viatu vyangu vya mjini nilihema kama pasi ya mkaa. Kina mama wa Kiluguru wanateremka na mizigo ya ndizi na mboga kichwani, wala jasho hawana. Bibi mmoja nikamwamkia, akacheka: "Marahaba mjukuu wangu. Polepole, mlima hauhami."

Juu kidogo, kwenye jani lenye umande, kijana akanishika mkono. "Huyo hapo."

Dundu mwenyewe mdogo kuliko kifungo cha shati. Mgongoni kijani, ukisogea upande anageuka dhahabu, ukisogea tena kama bluu. Mara akainua yale magamba mawili ya mgongoni, chini yake zikatoka mbawa laini zilizokunjwa kama kanga kabatini, akaruka zake. Wataalamu huwaita mbawakavu, na jina limewakaa.

Sasa sikiliza maajabu. Kijana alinieleza kwamba ule mng'aro si rangi ya kupakwa. Gamba limejengwa kwa tabaka nyembamba mno, moja juu ya jingine kama chapati iliyosukumwa vizuri. Mwanga ukipiga, tabaka zinarudisha rangi fulani na nyingine zinaiachia. Ni kama povu la sabuni, halina rangi lakini juani linaonyesha rangi kibao. Kwa kuwa hakuna kilichopakwa, hakuna cha kuchuja. Huko Messel, Ujerumani, yamechimbwa mabaki ya dundu wa miaka milioni 40 na ushee, bado yanang'aa. Na mimi kitambaa changu hakikumaliza sendoff!

Wenzetu walishaiona dili hiyo. Mwaka 1888 jijini London, mwigizaji Ellen Terry alivaa jukwaani gauni lililoshonewa magamba 1,000 ya dundu halisi. Baadaye kampuni ya Teijin ya Japani ikaacha kushona mdudu, ikaiga ujanja wake. Ilitengeneza uzi uitwao Morphotex kwa kufuata mbawa za kipepeo, tabaka 61 za nailoni na poliesta, ukang'aa bila tone la rangi. Uzalishaji ulikoma 2011, lakini njia imeshaonekana. Na mwaka 2001 watafiti walieleza juu ya dundu wa jangwa la Namib anayekinga ukungu kwa vinundu vya mgongoni, maji yakateremka hadi mdomoni.

Nikashuka mlimani kichwa kinawaka moto. Jioni nikamsimulia mama mdogo, Kihonda. Yeye alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka 14, hadi walipopunguzwa. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Hiyo nguo yenu ya mwaka 3000, mwanangu, itafumwa wapi?"

Nikakosa jibu. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu kitambaa kinaturudia kwa kontena. Akanikumbusha na kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kuta za aluminiamu, jua hili la Moro, na hewa haina pa kupita! Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. "Walileta gamba la nchi nyingine," akasema mama mdogo. "Mdudu wako angewaambia."

Maneno hayo yamenikaa mpaka leo. Maabara ya kutengeneza uzi wa tabaka 61 sina, nina cherehani ya miguu. Lakini mgongo wa yule dundu niliuona vizuri, gumu juu, laini chini, na katikati nafasi. Basi nimeshona koti la mvua la bodaboda. Nje turubai jepesi, vipande viwili vinavyopandana mgongoni, ndani pamba, katikati hewa inapita. La kwanza lilivuja kwenye mshono. La pili kijana wa kijiweni kwetu amelivaa mvua nzima ya Jumanne, akarudi mkavu, tena bila lile joto la koti la plastiki. Ameagiza mawili.

Mama mdogo nimempelekea moja. Kalipekua mishono yote, kalivuta huku na huku, kisha akaniuliza kama nahitaji msaidizi.

Anaanza Jumatatu.