Kutoka Kawangware hadi Kibera kwa Dira ya Setilaiti

Wengi wetu watu wa pwani tukipanda basi la Nairobi huwa tunakwenda kwa mambo matatu: hospitali, biashara au arusi ya jamaa. Kibera na Kawangware haimo katika orodha ya matembezi yetu. Majina ya mitaa hiyo tumeyapata katika taarifa za habari, nazo aghalabu ni taarifa za moto, mafuriko na siasa. Mimi niliifahamu kwa njia nyingine, yaani kwa mchezo. Nimeucheza kwa zaidi ya miaka 20, tangu tulipohamia Nairobi kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na katika makala haya nitaeleza niliyoyaona huko kwa miguu yangu. Nitaeleza pia kwa nini kanuni za mchezo huo, ambazo hubadilishwa mara kwa mara na watu walio mbali, zimenitaabisha huko kuliko mahali pengine popote.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mtu huficha kisanduku chenye daftari dogo, kisha hutangaza katika tovuti nambari za latitudo na longitudo za mahali alipokificha. Mwingine huzifuata nambari hizo kwa kifaa cha GPS, siku hizi kwa simu, akakitafuta kisanduku, akatia jina lake daftarini na kukirudisha kama alivyokikuta. Ulianza Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuipotosha makusudi ishara ya setilaiti wanayoipata raia. Siku zile zile, Mei 3, Bwana Dave Ulmer aliweka ndoo nyeusi ya plastiki msituni karibu na Portland, katika jimbo la Oregon, na kutangaza mahali ilipo. Ndoo ile ilifukiwa nusu ardhini. Baadaye kanuni zilikataza kuchimba shimo la kufichia bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi, na kwa hivyo kisanduku cha kwanza kabisa kisingekubaliwa kirahisi! Hilo pekee lamwonyesha msomaji jinsi mambo yalivyogeuka.

Na tuanze na Kawangware. Matatu ya namba 46 hutoka katikati ya jiji, ikapita Hurlingham na kando ya Lavington, penye kuta ndefu na miti mikubwa, halafu ghafla barabara ikajaa watu. Hapo ndipo Kawangware. Kuna mafundi wa vitanda vya chuma, wachoma mahindi, vibanda vya simu, akina mama wenye sukumawiki iliyokatwa tayari kwa mpishi mwenye haraka. Eneo hili la Dagoretti lilikuwa hifadhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni, na sehemu kubwa ya ardhi yake ina hati na wenyewe. Ploti moja huwa na safu za vyumba vya kupanga, ua mmoja, bomba moja na lango moja. Ukitaka ruhusa ya jambo lolote, utaambiwa nenda kwa mwenye ploti.

Kanuni ya mchezo inasema uwe na ruhusa ya mwenye ardhi, na Kawangware ruhusa hupatikana. Taabu ilikuwa kukilinda kisanduku. Mahali penye watu wengi hivyo hapana jiwe lisiloinuliwa wala shimo lisilochunguzwa na watoto. Nilifikiri kwa muda, nikaona kuwa mlinzi wa kweli wa mtaa huo ni mwenye duka. Yeye hufungua alfajiri, hufunga usiku, na hujua kila apitaye. Mama mmoja mwenye duka la nafaka akakubali kukiweka kisanduku chini ya meza yake, mgeni akija amsalimu na kukiomba. Niliona hivyo ndivyo adabu ya mahali inavyotaka.

Msimamizi aliyeyapitia maombi yangu alikikataa. Kanuni zilisema kwamba mchezaji asilazimishwe kuingia dukani wala kuzungumza na muuzaji, kwa sababu kufanya hivyo ni biashara. Mwaka ule ule, 2009, ilitangazwa pia kwamba mwenye kisanduku asimtake mgeni afanye jambo lolote zaidi ya kutia jina daftarini. Kabla ya hapo niliwaomba wageni wangu waandike neno moja la Kiswahili walilojifunza njiani, nami nilikuwa na kurasa nzima za maneno hayo. Tangu hapo likawa jambo la hiari, na wageni wakaliacha. Naifahamu hekima ya kanuni hizo. Huko Marekani na Ulaya watu walikuwa wamezidisha masharti yao, na wafanyabiashara walitaka kuugeuza mchezo kuwa tangazo. Lakini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya msitu wa Oregon haikumjua mama wa nafaka wa Kawangware, wala haikuwa na njia ya kumuuliza.

Kutoka Kawangware unaweza kwenda Kibera kwa miguu. Fuata Naivasha Road mpaka Dagoretti Corner, ushike Ngong Road kuelekea mjini, na ukifika Adams Arcade uingie kulia kwenye soko la Toi. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu asiye na haraka. Toi ni soko la mitumba, na mwanamke wa pwani atapata huko mitandio na mapazia mpaka asahau alikokuwa akienda. Ukitokeza upande wa pili, umeingia Makina, na hapo utasikia adhana.

Makina ni mji wa Wanubi. Babu zao walikuwa askari Waislamu wenye asili ya Sudan katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na tangu 1904 walianza kukalishwa katika msitu ulioko ukingoni mwa mji mchanga wa Nairobi. Waliuita Kibra, neno la lugha yao, Kinubi, lenye maana ya msitu. Lugha hiyo ilizaliwa kutokana na Kiarabu, na msikilizaji wa Lamu au Mombasa hushika neno hapa na pale. Wanawake wao huvaa gurbaba, kitambaa cha kujifunga kinachowatambulisha penye arusi kama leso zinavyotutambulisha sisi. Mkoloni aliwatengea zaidi ya ekari 4,000, lakini hakuwapa hati. Vizazi vitatu, vinne, wakazaa na kuzika hapo, na serikali ikawa inawahesabu kama wapangaji wasio na mkataba. Mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hatimiliki, ya ekari 288.

Sasa msomaji aitazame tena ile kanuni ya ruhusa ya mwenye ardhi. Fomu ya tovuti ina mraba mdogo wa kutia alama kwamba umepata ruhusa. Kwa Kibera ya kabla ya 2017, mraba ule uliuliza swali ambalo mahakama na mawaziri walishindwa kulijibu kwa miaka mia. Mwenye ardhi ni nani? Serikali yenye ramani, mwenye nyumba aliyejenga bila hati, au bibi wa Kinubi ambaye baba yake alipewa mahali hapo kwa kulitumikia jeshi? Nilimwendea bibi. Fomu haikuwa na nafasi ya kulieleza hilo.

Reli nayo ina kisa chake. Njia ya reli ya kuelekea Uganda hupita Kibera, na kwa wenyeji ndiyo barabara kuu ya waendao kwa miguu. Asubuhi maelfu huifuata kwenda kazini, na kando yake hupangwa viatu, mkaa na samaki wa kukaanga, mpaka treni ipige honi. Kanuni zilizuia visanduku karibu na reli inayotumika, na kwa usalama wa wageni sina neno. Kanuni nyingine ilitaka kati ya kisanduku na kisanduku pawe na mita 161, ambazo ni sehemu ya kumi ya maili. Msituni hizo ni hatua chache. Katika vijiji kama Gatwekera, Lindi au Laini Saba, mita 161 ni mamia ya familia, misikiti, makanisa na shule.

Kulikuwa na aina moja iliyoifaa Kibera kuliko zote, nayo ni ile isiyokuwa na kisanduku. Mgeni aliongozwa mahali, akatazama, akajibu swali juu ya alichokiona. Hapana cha kuibwa wala cha kuoza. Mnamo Novemba 2005 aina hiyo ilifungwa kwa maombi mapya, na ilipofunguliwa tena kidogo mwaka 2017, nafasi zilipewa wachezaji wapatao 4,000 tu waliochaguliwa duniani kote. Kwa miaka 12 mahali pasipoweza kuhifadhi kisanduku palikuwa kama hapapo.

Na hakika palikuwa kama hapapo hata katika ramani. Nilipoanza mchezo, nambari zangu zilipoangukia Kibera, kioo kilionyesha doa tupu. Mwishoni mwa 2009 Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha mradi wa Map Kibera. Vijana 13 wa vijiji vya Kibera walifunzwa kutumia vifaa vya GPS, wakatembea kila uchochoro wakiandika vioski vya maji, vyoo, zahanati, shule na misikiti, na kuyatia yote katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuichangia na kuitumia bure. Mwaka huo huo sensa ilihesabu watu 170,070 katika Kibera, ambapo dunia ilikuwa ikisema milioni moja. Mtaa uliosemwa sana ulikuwa haujahesabiwa wala kuchorwa vyema.

Mwanzoni mwa 2012 tovuti ya mchezo iliacha ramani za Google, kwa kuwa watumiaji wakubwa walianza kutozwa fedha, ikahamia OpenStreetMap. Wachezaji wakongwe walilalamika mno. Mimi nami nilijiandaa kulalamika, nikafungua Kibera, na pale palipokuwa doa nikaviona vichochoro nilivyovipita kwa miaka, kimoja kimoja. Badiliko lililowakera wengine lilinipa mimi mtaa mzima, nao ulikuwa umechorwa na vijana wake wenyewe.

Mwaka huo OpenStreetMap nayo ilibadilisha masharti ya leseni yake. Lakini huko kila mchangiaji aliulizwa kama anakubali kazi yake iendelee chini ya masharti mapya, na waliokataa kazi yao iliondolewa. Lilikuwa jambo chungu, na ramani za baadhi ya nchi zilipata mapengo. Hata hivyo mtu aliulizwa. Hapo ndipo nilipolielewa jambo linalonisumbua katika mchezo wangu. Kubadilika kwa kanuni nakuvumilia, kwani hata nyumbani kanuni hubadilika watoto wakikua. Kisichovumilika ni kuamka siku moja ukakuta kazi ya miaka imepewa jina jingine au imefungwa, nawe hukusikia hata hodi.

Julai 2018 nyumba na shule kadhaa za Kibera zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Kisanduku changu kimoja kilikwenda na ukuta uliokisitiri. Baada ya muda wa kanuni kupita, kikafutwa katika orodha. Kisanduku si kitu mbele ya familia zilizolala nje wiki ile. Lakini niliuliza majina ya shule zilizokuwa hapo, nikayaandika na nambari za mahali pake, kwani watoto waliosoma humo watakuja kutaka kuonyeshwa.

Siku hizi naendelea kucheza, na mabinti zangu pamoja nami. Twaingia Makina kwa salamu, hatumpigi mtu picha pasipo idhini yake, na chai twainunua kwa mama wa mtaa, kanuni ikitaka isitake. Kila tulichokiona twakiandika katika daftari letu wenyewe, kwa wino: tarehe, nambari, jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, na jina la aliyetupa ruhusa. Daftari la kwanza limekwisha kujaa, na la pili limefika Laini Saba.