Sisimizi na Lori la Chai

Msomaji, kama hujapata kukaa usiku katika kituo cha kununulia chai huko Bomet, huenda hujui uzito wa neno kungoja. Mama yangu alilijua. Siku moja alichuma tangu alfajiri, majani mawili na chipukizi, mpaka makapu yakajaa, kisha tukaketi kulisubiri lori. Jani la chai likisha kuchumwa halifi papo hapo. Huendelea kupumua, na likirundikwa kwa muda mrefu hupata joto na kuwa jekundu. Lori lilifika saa nne usiku. Karani alitia mkono ndani ya kapu, akatikisa kichwa, na kazi ya siku nzima ikamwagwa ukingoni mwa barabara.

Mama hakulia. Aliuliza tu kwa nini lori lilianza na vituo vya mbali, likatujia sisi mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, wala sikuwa na jibu.

Nilipokuwa mwalimu wa hesabu Kericho ndipo nilipotambua ukubwa wa swali lile. Vituo vitatu vyaweza kupangwa kwa namna 6. Vitano, kwa namna 120. Kumi, kwa namna 3,628,800. Vikiwa ishirini, kompyuta inayojaribu namna milioni moja kila sekunde itahitaji zaidi ya miaka 70,000 kuzimaliza zote.

Mtu aliyenifungua macho ni Marco Dorigo, Mwitalia aliyezaliwa Milan mwaka 1961. Kabla yake, Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels walikuwa wameweka daraja la matawi mawili kati ya kichuguu na chakula, tawi moja refu mara mbili ya jingine. Sisimizi huacha harufu apitapo. Wale wa tawi fupi walirudi mapema, harufu ya njia yao ikazidi, wengine wakaifuata, na kundi zima likakusanyika huko, ingawa hakuna sisimizi hata mmoja aliyeliona daraja lote. Dorigo akaunda sisimizi wa tarakimu ndani ya kompyuta, akawapa miji ya kuzunguka, na katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milan akaonyesha kuwa hupata njia njema bila kuzijaribu zote. Baadaye alihamia Brussels. Mwaka 1998, pamoja na Gianni Di Caro, aliwatumia sisimizi hao kuelekeza ujumbe katika mitandao ya mawasiliano. Tangu 2001 akaongoza kazi ya roboti ndogo zinazosaidiana kama wadudu. Wengine waliomfuata wamempachika karibu kila mnyama jina la kanuni mpya, na mwaka 2015 Kenneth Sörensen aliwakemea kwa kuuza majina mageni badala ya maarifa. Nami nadhani alisema kweli.

Lakini hapa nakuomba usome polepole. Katika jaribio la Brussels, tawi fupi lilipoongezwa baadaye, sisimizi wengi waling'ang'ania lile refu. Harufu ya zamani ilikuwa nzito mno, wala haikutoweka upesi. Kwa hiyo Dorigo aliifanya harufu ya sisimizi wake ipungue kila mzunguko, ili njia iliyopatikana kwa bahati isije ikawa sheria.

Niliposoma hayo nilimtafuta dereva mmoja mstaafu aliyewahi kuendesha lori la upande wetu. Alicheka. Mpango ule, alisema, aliurithi kwa dereva aliyemtangulia, vituo vilipokuwa vichache. Chetu kilijengwa baadaye, kikaandikwa chini kabisa ya karatasi. Hakuna aliyeipanga karatasi upya.

Niliwapa wanafunzi wangu ramani ya vituo kumi, tukawatuma sisimizi wa kompyuta, na njia ikafupika. Nikaenda kumweleza mama, naye akanisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake ikiendelea kuchuma.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Na mvua ikinyesha, hao sisimizi wako wanaujua ule mteremko wa mtoni, malori yanapokwama?"

Sikuwa nimeutia mteremko katika hesabu. Jioni ile niliutia, na njia iliyokuwa fupi kuliko zote ikashuka hadi nafasi ya nne.