Neno Nililolikata

Uani kwangu Ipagala, pikapu yangu ya Land Rover 109, jina litokanalo na inchi zilizo baina ya ekseli zake, imekaa juu ya matofali tangu kiangazi. Bodi ya aluminiamu ni nzima. Fremu ya chuma ndiyo iliyoliwa na kutu. Fundi anayeichomelea nilimfundisha kidato cha pili. Katika insha aliandika "shokomzoba". Nikalikata kwa wino mwekundu, nikaandika "kizuia mshtuko".

Juzi nilimwambia, "Naomba kile kizuia mshtuko."

Akatabasamu. "Shokomzoba, Mwalimu?"

Kumbe hakusahau. Nilimwomba radhi, spana mkononi. Alama niliyomnyima siwezi kuirudisha. Neno lake nalirudisha hapa, mbele yenu washairi.