Samaki wa Arua na Koboko

Mji wa Arua hauna ziwa, na Koboko, ulio kaskazini yake karibu na mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, uko mbali zaidi na maji makubwa. Hata hivyo, meza za samaki hazikosekani katika masoko ya miji hiyo. Samaki hao hutoka Rhino Camp kando ya Mto Nile, na Panyimur, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert. Wachuuzi wengine huwavusha mpaka hadi Ariwara, Kongo, au Kaya, Sudan Kusini.

Azitazamaye meza hizo huisoma habari ya ziwa lenyewe. Zamani fahari ya sokoni ilikuwa sangara, na angara aliyetiwa chumvi. Siku hizi yamejaa mafungu ya muziri na ragoge, samaki wadogo ambao ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wavuliwao Ziwa Albert.

Sangara ni mzaliwa wa Nile na Ziwa Albert; miaka ya 1950 ndipo alipopelekwa maziwa ya Kyoga na Victoria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, viwanda vilijengwa kando ya Victoria ili kumkata minofu na kuisafirisha ng'ambo. Minofu ilikwenda Ulaya. Vichwa na mifupa vikawa kitoweo cha maskini. Viwanda vilihitaji samaki kila siku, na nyavu zikazidi kuwa nyingi na matundu yake kuwa madogo. Katika Ziwa Albert nako, wenye mtaji walileta injini, nyavu ndefu na taa za kuvulia usiku. Mwenye mtumbwi na nyavu mbili akaachwa nyuma. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mwaka 2017 wanajeshi walikabidhiwa ulinzi wa maziwa ya Uganda. Nyavu haramu zilichomwa, na mashua zisizofika futi 28 zikapigwa marufuku. Samaki wachanga walipata nafuu, lakini mashua ya futi 28 yataka mbao na fedha ambazo mvuvi mdogo hana. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya askari: ziwa halitapona iwapo maskini ataondolewa majini, kisha tajiri aachiwe avue apendavyo.

Jikoni nako kuna ulinzi wake. Kanuni za Ziwa Victoria zasema sangara asipungue inchi 20, na ngege asipungue inchi 11. Mama anayekataa kumnunua mchanga, hata akiuzwa rahisi, humfunza mchuuzi. Naye mchuuzi atamfunza mwenye nyavu. Hivyo mvuvi wa Rhino Camp atapata cha kuvua mwakani, na watoto wa Koboko watapata mchuzi.