Kuupeleka Wembe wa Babu Solingen

Wembe niliuviringisha kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo nikalisukumiza chini kabisa ya begi. Kutoka Köln hadi Solingen ni kama dakika ishirini tu kwa treni, lakini hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza peke yangu nje ya mji niliokuwa nikisoma. Mkaguzi wa tiketi alipoingia kwenye behewa nikahisi kaja kuuliza habari za kopo.

Babu alikuwa kinyozi Tanga. Kiti chake kilikaa chini ya mwarobaini, kioo kikining'inia kwenye msumari, na wateja waliosubiri zamu kwenye benchi aliwatania: "Mwenzenu ananyolewa, zenu tieni maji!" Alipofariki nilirithi wembe wake wa kukunja. Karibu na mpini palikuwa na herufi zilizolika nusu, SOLINGEN. Kwa miaka niliamini ni jina la mwenye duka.

Niliuharibu mwenyewe. Nilichukua kinoo cha jikoni, kile kile cha panga na kisu cha samaki, nikaunoa nikiwa nimeinua mgongo wake na kukandamiza kwa nguvu zote. Ukaninyoa mara moja, kwa machozi, kisha ukawa unang'oa ndevu badala ya kukata. Nikasema chuma kimezeeka. Ni rahisi kukilaumu chuma, maana hakijibu.

Mtaa wa Gräfrath, huko Solingen, nilifika kwa basi la umeme, lile linalovuta nguvu kwenye nyaya za juu. Nyumba za huko zimevikwa vibamba vya mawe meusi, madirisha yana fremu nyeupe na vibao vya kijani. Makumbusho ya visu na panga yamo ndani ya majengo yaliyokuwa ya watawa. Silaha za mabwana wa kale nilizipita haraka. Nilisimama kwenye habari za wanoaji waliofanya kazi kando ya mto Wupper, ambako maji yalizungusha magurudumu makubwa ya mawe ya mchanga. Vumbi la mawe hayo liliwaingia mapafuni, na wengi walikufa vijana. Hapo pia nilielewa uzito wa zile herufi: tangu 1938 jina la mji huo linalindwa kisheria, halipigwi kwenye wembe uliotengenezwa kwingine.

Kwa kuulizauliza nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi mstaafu, mwenye kibanda nyuma ya nyumba yake. Kijerumani changu kilikuwa cha kuchechemea. Nikafungua kopo, nikafunua soksi. Akacheka kwanza soksi, kisha akauweka wembe chini ya lenzi na kicheko kikakatika. Akanipa nami nitazame. Makali niliyodhani yamenyooka yalikuwa kama meno ya papa.

Niliomba aninolee, nilipe, niende zangu. Akakataa. Akininolea yeye, alisema, mwezi ujao nitarudi na soksi ile ile.

Akachukua kalamu ya wino mzito, akapaka makali yote mpaka yakawa meusi. Akaulaza wembe juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali vyote vikigusa, akausukuma mara moja tu. Wino ulifutika nyuma kidogo ya makali, lakini pembeni kabisa, pale panapokata, ulibaki mstari mwembamba mweusi. Hapo ndipo ilipokuwa dhambi yangu: kwa kuinua mgongo nilikuwa nimejenga mteremko mwingine, mkali kupita ule wa kiwandani, na jiwe halikuufikia tena. Mgongo wa wembe, akanionyesha kwa kidole, ndio unaopima pembe. Kazi yako ni kuuacha ulale.

Tulianza na jiwe la namba 1000. Makali mbele, kutoka kisigino hadi ncha, kwa mshazari, kwa sababu wembe ni mrefu kuliko upana wa jiwe. Ukifika mwisho unaugeuza kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake. Mara ya tatu niliugeuza juu ya makali, naye akapiga meza kwa kiganja hadi maji yakamwagika. Nikapaka wino upya, nikasukuma, nikatazama. Zaidi ya saa nzima ilipita kabla ule mstari mweusi haujatoweka. Kila nilipokandamiza aliniinua kiwiko kwa kidole kimoja: uzito wa wembe wenyewe unatosha. Baada ya hapo likaja jiwe laini zaidi, na mwisho lile la manjano linalochimbwa milima ya Ardennes, Ubelgiji, ambalo maji yake hugeuka kama maziwa.

Kwenye mkanda wa ngozi mambo yanageuka, mgongo unatangulia na makali yanafuata. Mkono wangu, ambao ulikuwa ndio kwanza umezoea jiwe, ukatanguliza makali. Mkanda ukachanika kidogo. Nikaganda. Mzee akaukunjua mpaka mwisho wake wa chini, akanionyesha mikato mitano sita ya zamani, akajigusa kifua: yote yake.

Jioni aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaushika hewani, akanipa ishara. Wembe ukaugusa, kipande kikaanguka mezani. Fedha alikataa. Kopo alilitaka, la kuwekea misumari, nikamwachia.

Jumapili nilinyoa. Shavu la kulia lilikwenda bila kelele, nikasikia tu mkwaruzo mwembamba, kama karatasi inayochanwa polepole chumba cha pili. Chini ya kidevu upande wa kushoto, ambako mkono wa kulia unafika kwa tabu, nilijikata. Nikabandika pamba, nikaufuta wembe mpaka ukakauka, nikaupaka tone la mafuta ya cherehani, nikaurudisha kwenye soksi.